Mshika Funguo Aliyefungiwa Nje

Targelia Imbaquingo aliingia shamba la waridi la Santa Ludgarda akiwa msichana, kukata maua. Alivaa mabuti ya mpira kama wenzake, akatetemeka kwa baridi ya alfajiri ya Cayambe, chini ya mlima wa theluji, kama wenzake, na miiba ikamchana mikono kama ilivyowachana wenzake. Ila yeye alikuwa na mwandiko mzuri na kichwa chepesi cha hesabu. Karani mmoja alipoacha kazi kwenda kuolewa Ibarra, Don Eudoro, mwenye shamba, alimtoa Targelia mabandani akamkalisha ofisini. Kompyuta alijifunza kwa kuchungulia mabegani mwa watu. Baadaye akasoma masomo ya jioni akapata cheti. Hakikuwa cha uinjinia, lakini pale kwetu kila anayekaa mbele ya kompyuta huitwa injinia, basi naye akawa Injinia Targelia, na jina likamganda.

Hakuolewa. Alimuuguza mama yake hadi mwisho, kisha akabaki kwenye nyumba ileile karibu na reli ya zamani. Jumapili alikwenda kula kwa kaka yake, ambako wifi yake Luzmila alipika supu ya kuku na kumsimanga mpaka sahani zinaoshwa. Luzmila naye alifanya kazi Santa Ludgarda, akiongoza wanawake wa chumba cha kuchambua maua, wale wanaopanga waridi kwa urefu na rangi, kuyafunga na kuyatia kwenye maboksi. Wawili hawa walipendana kwa namna ya mawifi, yaani kwa kutukanana.

Zamani shughuli zote za shamba zilikaa kwenye kompyuta moja kubwa iliyofungiwa stoo. Siku mvua ya mawe ilipotoboa paa na maji yakaingia ndani ya hiyo kompyuta, Don Eudoro alisema basi, imetosha. Akakodi programu ya kampuni ya nchi nyingine, programu isiyokaa shambani kabisa. Ilikaa kwenye mitambo ya hao wenyewe, huko mbali, na shamba liliifungua kwa intaneti. Humo ndimo zilimoingia oda za wanunuzi, hesabu ya maua yaliyokatwa, mishahara, lebo za maboksi, na karatasi za ndege.

"Sasa iko wapi hasa?" Luzmila alimuuliza wifi yake.

"Kwenye wingu."

"Wingu lipi? Hili hili lililotutobolea paa?"

Wanawake wote wa kuchambua wakacheka, na Targelia akacheka nao. Lakini kazi aliyopewa haikuwa ya kucheka. Kampuni ya programu ililinda jumba lake na mitambo yake. Nani anaingia kwenye milango ya Santa Ludgarda, anaona nini, anagusa nini, hilo lilikuwa juu ya shamba lenyewe, na Don Eudoro alilitwika mabegani mwa Targelia. Yeye ndiye aliyemfungulia kila mfanyakazi akaunti. Yeye ndiye aliyeifunga mtu alipoacha kazi. Kwa jina la mfumo aliitwa msimamizi. Kwa jina la Luzmila aliitwa Mama Paswedi.

Aliishika kazi ile kwa mikono miwili. Aliweka utaratibu kwamba paswedi peke yake haitoshi: ukishaiandika, namba inatumwa kwenye simu yako, na bila kuiingiza namba hiyo mlango haufunguki. Watu walinung'unika. Aliwaambia pia kwamba paswedi haitolewi kwa simu kwa mtu yeyote, hata sauti ikiwa ya mama mzazi.

"Mama yangu akifufuka akaniomba paswedi," alisema mmoja, "mimi nitakimbia, sitaulizia utaratibu."

Kuna wakati Don Eudoro mwenyewe alipiga simu kutoka Quito, amesahau paswedi yake, na mafua yamemkaba koo. Targelia alisikiliza ile sauti nzito iliyokwaruza, akasema samahani, bosi, njoo ofisini. Mzee alifoka, akakata simu. Alikuja kesho yake amevimba kwa hasira, akakaa, akamtazama, halafu akaanza kucheka. "Huyu mwanamke," akawaambia watu, "ni mbwa mkali. Ndiyo maana nimemweka mlangoni." Targelia aliibeba sifa hiyo muda mrefu, ingawa hakuwahi kumwambia mtu kwamba ilimfurahisha.

Mkuu wa mauzo aliitwa Wladimir Quimbiulco. Mtu mcheshi, mchapakazi, na hakuna aliyewajua wanunuzi kama yeye. Alikumbuka majina ya watoto wao na magonjwa ya wake zao. Alipotaka kitu alimwita Targelia "Targelita", na asipotaka kitu alimwita "Injinia".

Targelia alipopasuliwa nyongo ilibidi mtu mwingine ashike funguo kwa muda. Akampa Wladimir usimamizi wote, sawasawa na wake. Alirudi kazini amekonda, amejifunga kitambaa tumboni, na jambo la kwanza alilopaswa kufanya ni kumvua Wladimir madaraka yale. Hakumvua. Aliona haya. Alijiambia mtu amenisaidia nikiwa kitandani, leo nimrudishe chini kama mtoto? Akaacha. Siku zikaenda, na jambo lenyewe likaacha kumsumbua.

Mwezi wa Januari, maua ya siku ya wapendanao yakiwa yanaanza kuchanua, Wladimir alisafiri kwenda Miami kuonana na wanunuzi. Kabla hajaondoka Targelia alimfuata hadi garini.

"Injinia, simu yako kule haitapokea zile namba. Nipe dakika kumi nikuwekee programu inayozitoa yenyewe, haihitaji mtandao."

"Ndege, Targelita, ndege! Nikirudi."

Siku ya pili akapiga simu kwa Don Eudoro badala ya Targelia. Hawezi kuingia. Mnunuzi mkubwa ameketi mbele yake, anataka kujua kama waridi nyekundu za shina refu zipo, na yeye anatoa macho tu. Don Eudoro akaja kusimama mlangoni pa ofisi.

"Mwondolee hiyo namba."

"Bosi, Wladimir ana madaraka kama yangu. Akiingiliwa yeye, limeingiliwa shamba zima."

"Na nani alimpa madaraka hayo?"

Targelia akaanza kupanga karatasi zilizokwisha pangwa.

"Wiki hii tu," akasema Don Eudoro, safari hii kwa upole. "Tukikosa msimu huu, mwaka mzima umekufa. Unajua hilo kuliko mimi."

Alijua. Akakaa kwenye kiti, akatafuta jina la Wladimir, akaondoa ile namba. Kilikuwa kitendo kidogo mno, kidole kimoja. Wladimir alirudi na oda nyingi kuliko mwaka uliotangulia, wakampigia makofi chumba kizima. Targelia alimkumbusha kuhusu namba, naye akasema baada ya msimu, Targelita, baada ya msimu, sasa hivi sina hata muda wa kukohoa. Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyekuwa na muda wa kukohoa.

Asubuhi ya balaa lenyewe, mwanzoni mwa Februari, haikuwa na dalili yoyote. Mlima ulikuwa wazi, theluji yake nyeupe. Targelia alichemsha maji ya mchaichai, akakaa, akaandika paswedi yake, akangoja namba kwenye simu. Haikuja. Kioo kikamwambia kwamba akaunti hiyo haipo. Akadhani amekosea herufi. Akaandika tena polepole, akitamka kila herufi kimoyomoyo. Haipo.

Mlango ukasukumwa. Luzmila, kofia ya nywele kichwani, glavu zinachuruzika maji.

"Mama Paswedi, mashine ya lebo imekufa. Maboksi yamejaa mpaka mlangoni, sijui hili la nani wala lile la nani."

"Zima uwashe."

"Nimezima, nimewasha, nimeipiga makofi. Haitoi kitu."

Targelia alikuwa amekwisha simama. Akakimbia hadi kwa Wladimir, akamkuta ameikodolea macho kompyuta yake, ametoka jasho katika baridi ile. Naye ameambiwa paswedi si sahihi.

"Injinia, kuna mahali uliandika paswedi yako hizi siku mbili tatu? Nje ya hapa?"

Alifikiri. Akasema mnunuzi mmoja alimtumia barua pepe, kuna malalamiko ya maua yaliyooza, fungua hapa uone picha. Alibonyeza. Ukurasa wa mfumo ukamwomba aingie tena, akaingia. Picha hazikuwapo. Akaendelea na kazi.

"Ulikuwa ukurasa wetu," akasema. "Rangi zetu. Nembo yetu. Targelia, nakuapia, ulikuwa wetu."

Safari hii hakusema Targelita wala Injinia. Lakini ukurasa ulikuwa wa kuigizwa, na tangu ile namba iondolewe, paswedi peke yake iliwatosha wezi.

Walikuwa hawajamaliza kusemezana ujumbe ulipoingia kwenye simu ya Don Eudoro. Wezi waliandika Kihispania kizuri, bila matusi. Walisema wao ndio wasimamizi wa Santa Ludgarda sasa, wamewafuta wengine wote, wakataja kiasi wanachotaka na njia ya kulipa. Walisema wanajua ni msimu gani.

Kampuni ya programu ilikuwa na simu ya msaada. Targelia alipiga, akasikilizishwa muziki, akabonyeza namba hii na ile, hadi akapata binadamu. Mwanamke, kwa lafudhi Mkolombia, sauti ya taratibu. Alisema anaitwa Noelia. Don Eudoro na Wladimir walisimama nyuma ya kiti cha Targelia, na Luzmila mlangoni, glavu bado mikononi.

Targelia alieleza kila kitu kwa mpangilio. Noelia alisikiliza hadi mwisho.

"Pole sana, mama. Nimeingia kwenye akaunti ya shamba lenu. Jina lako silioni kwa wasimamizi."

"Lilikuwapo jana. Wamelifuta."

"Naelewa. Msimamizi ninayemwona hapa ni mmoja, Wladimir Quimbiulco."

"Yuko hapa! Kasimama nyuma yangu. Ongea naye."

Wladimir aliinama kwenye simu. "Ndiye mimi. Nisaidie, dada, tafadhali."

"Ahsante, bwana. Nakutumia namba kwenye barua pepe yako iliyosajiliwa, unisomee."

"Barua pepe wameichukua. Paswedi ilikuwa ileile."

"Basi kwenye simu iliyosajiliwa. Naona inaishia na sita na nne."

Wladimir alitazama simu yake kana kwamba ingeweza kubadilika mkononi. Yake haikuishia na sita na nne. Walishaibadilisha.

Don Eudoro akanyakua simu. "Sikiliza, binti. Mimi ndiye mwenye shamba. Mimi ndiye ninayewalipa ninyi. Fungua mlango huo sasa hivi!"

"Bwana, naisikia sauti yako," akasema Noelia, na hakupandisha yake. "Lakini siwezi kujua ni ya nani."

Luzmila alimtazama wifi yake. Targelia aliichukua simu kutoka mkononi mwa mzee. Akageukia ukutani kidogo, kama anayeongea na mtu wa faragha.

"Noelia, mwanangu. Nina maua kwenye chumba baridi yanayotosha kujaza ndege. Yamekatwa. Hayasubiri. Nina wanawake zaidi ya mia wamesimama mikono mitupu. Kila dakika hao watu wanafuta kitu. Niambie la kufanya, nitafanya."

"Nitumie uthibitisho, mama. Karatasi za usajili wa shamba na kitambulisho cha mwenye nalo, vyote vimegongwa muhuri na wakili. Wenzangu watazichunguza."

"Siku ngapi?"

"Siwezi kukuahidi."

"Angalau zima mlango wote, asiingie mtu yeyote. Hata sisi."

"Hilo nalo lazima liombwe na msimamizi." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Mama, wewe ungekuwa mimi, ungefungua?"

Targelia alifungua mdomo. Alitafuta uongo, wowote ule, hakuupata. Angesema ndiyo, mwenzake angejua. Na angesema hapana, Don Eudoro alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nitazituma karatasi," akasema.

Zikatumwa mchana uleule, na mihuri yote. Likaja jibu kwamba zimepokelewa. Kisha ikawa kungoja. Targelia hakuwahi kujua kungoja kunakofanana na kule. Mama yake alipokuwa anakufa walau alikuwa na kitambaa cha kulowesha, na mto wa kuweka sawa. Hapa alikuwa na kioo kinachomwambia hayupo.

Walijaribu kufanya kazi bila mfumo. Wladimir alikaa sakafuni na simu, akiwapigia wanunuzi mmoja mmoja, akiwaomba wamtajie oda zao. Wachache walimtajia. Wengi walikata. Walikuwa wameshapokea barua pepe kwa jina lake zikiwataka walipe kwenye akaunti mpya, wengine wameonywa na benki zao, na hawakutaka kusikia Wladimir yeyote. Mtu aliyejua majina ya watoto wao aliwatajia majina ya watoto, nao wakazidi kuogopa.

Kwenye chumba cha kuchambua, Luzmila na wenzake walijaza maboksi kwa kukumbuka: huyu hupenda nyekundu iliyokolea, yule hataki shina fupi. Yaliyofika uwanja wa ndege bila karatasi yalirudishwa. Mabandani maua yaliendelea kuchanua, maana ua halina habari, na wakataji waliendelea kuyakata kwa sababu usipoyakata unauharibu mti. Yaliingia kwa toroli, hayakutoka. Yalipojaa chumba baridi yakawekwa kwenye korido, ndani ya ndoo, kisha nje kwenye kivuli. Harufu ilikuwa nzito mpaka watu wakaumwa kichwa.

Don Eudoro alilipa. Hakumwambia mtu, Targelia alijua kwa kumtazama uso. Alipolipa, wezi walinyamaza. Hawakufungua, hawakujibu tena.

Targelia alipiga simu kila asubuhi. Mara nyingine alimpata Noelia, mara nyingine mtu mwingine, na ilibidi aanze kueleza upya. Alipompata Noelia hawakuwa na mengi. "Bado, mama." "Haya, mwanangu." Mara moja Noelia alimuuliza kama amekula. Targelia akasema amekula, kumbe tangu jana alikuwa na mahindi ya kukaanga tu mfukoni.

Luzmila alimkuta nyuma ya ofisi, ameegemea tangi la maji.

"Wewe si ulikuwa na funguo zote? Huwezi kuvunja hata dirisha?"

"Halina dirisha, wifi."

"Kila nyumba ina dirisha."

"Hii haina. Wala sijui imejengwa wapi."

Luzmila alimshika mkono, akaukuta wa baridi kama mabomba, akaukunja ndani ya glavu zake mbichi. Wakakaa vile bila kusemana vibaya, jambo ambalo halikuwa la kawaida yao.

Walirudishiwa mfumo wakati wa Karnivali, ile sherehe ya kabla ya Kwaresima, mji mzima ukirushiana maji na povu barabarani. Kampuni ilizikubali karatasi, ikawafukuza wezi, ikarudisha nakala ya siku za nyuma, ikatuma barua ndefu ya pole iliyosema mitambo yao haikuwahi kuguswa. Na ilikuwa kweli, haikuguswa. Targelia aliingia akaona jina lake liko palepale, akaziona oda zote, kila mnunuzi, kila urefu wa shina, kila rangi. Aliziteremsha moja moja akizisoma. Siku ya wapendanao ilikuwa imepita. Nje, trekta lilikuwa linayasukuma maua kwenye mashine ya kusagia mbolea.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kumvua Wladimir madaraka. Wladimir alikuwa amekaa karibu, akaona, akaitikia kwa kichwa. Aliacha kazi kabla ya Pasaka. Hakuna aliyemfukuza. Alikuja kumuaga Targelia, akasimama, akasema, "Kama ningekupa zile dakika kumi." Targelia akasema, "Na mimi kama ningekuvua mapema." Basi, wakapeana mikono.

Mabanda ya upande wa chini yalifungwa, na chumba cha kuchambua kikapunguzwa watu. Majina ya walioachishwa yalibandikwa ukutani. Luzmila alikuwa miongoni mwao. Targelia alikwenda kwa Don Eudoro kumwombea, akamkuta mzee ametazama dirishani, na kabla hajasema neno mzee akamwambia, "Usiniombe, Targelia, maana nitakataa." Kisha akamwagiza afunge akaunti za wote walioondoka, kama utaratibu unavyotaka. Alikaa akazifunga. Ya Luzmila aliifunga ya mwisho.

Jumapili ile alisita kwenda kwa kaka yake. Alitembea hadi kona, akarudi, akaenda tena. Luzmila ndiye aliyemfungulia.

"Mbona umechelewa? Supu imepoa."

Walikula. Kaka yake alizungumzia mahindi. Baadaye, wakiosha sahani, Luzmila alisema amesikia kuna shamba Tabacundo linatafuta watu, ila kwenda na kurudi ni mbali, na miguu yake si ya zamani. Targelia alisema atamuulizia. Hakumjua mtu yeyote Tabacundo.

"Niambie kweli," Luzmila akasema, akiendelea kusugua sufuria. "Yule mwanamke wa kwenye simu. Angeweza kutufungulia?"

"Angeweza."

"Na hakutaka?"

"Hakutujua, wifi."

Luzmila aliisuuza sufuria, akaigeuza, akaiweka juani ikauke.